Sumaku Inayoelea na Ng'ombe wa Mzee Kurbanali

Jumatatu, 7 Agosti 1989
Kifurushi kutoka kwa kaka yangu aliyeko Kanada. Ndani yake kidonge cheusi, kigumu kama kigae, na sumaku ndogo. Kaka anaandika kuwa kidonge hiki kikipoa sana, elektroni zake hushikana mbili mbili na kupita bila kizuizi chochote. Sumaku ukiiweka juu yake, inaelea hewani. Kwangu mimi Naushad, fundi redio wa Chumbageni, hii ni ndoa. Farhana ameshanikubali. Aliyebaki ni baba yake, Mzee Kurbanali, anayemtazama Taizoon kama mkwe kwa sababu kaleta friji kutoka Dubai. Friji! Nani hajaona friji?

Jumanne, 8 Agosti
Baridi nimeiomba kwa Taizoon mwenyewe. Nimemwambia kidonge ni dawa ya mjomba, akiweke kwenye friji. Jioni nimekichukua. Sumaku imelala juu yake kama mgonjwa. Nimesoma barua tena: kwa elektroni hizi, friji ni joto tu. Taizoon kauliza mjomba anaumwa nini. Nikasema tumbo. Kanipa pole na barafu.

Jumatano, 9 Agosti
Asubuhi Maramba, kwa Tadeo, bwana mifugo. Ana mtungi mdogo wa naitrojeni ya maji, inayotunza mbegu za madume ya kizungu. Ndiyo baridi aliyoitaja kaka. Tadeo akakataa: ikipungua, mbegu zinakufa, na kesho ana ng'ombe wa kupandisha mjini. Nikatoa betri mpya za redio. Akalegea, akasema nichote kikombe kimoja. Alipoingia ndani kuzijaribu betri, nikajaza chupa ya chai mpaka shingoni.

Jioni, barazani kwa Mzee Kurbanali. Nikamwagia kidonge naitrojeni, moshi ukajaa sahani. Sumaku ikaelea! Mzee alipitisha karatasi chini yake, akasoma bismillahi, akaipitisha tena. Kasema nilete wazee wangu Jumamosi. Farhana alicheka mpaka mtandio ukamwanguka. Nina furaha, sifichi.

Alhamisi, 10 Agosti
Kumbe ng'ombe wa kupandishwa ni wa Mzee Kurbanali. Tadeo alifungua mtungi zizini, akakuta mkavu. Mbegu zote zimekufa. Mzee akauliza naitrojeni imekwenda wapi. Tadeo ni mkweli kiasi cha kukera, alininyooshea kidole. Mzee hakugomba. Alisema wazee wangu wasije mpaka ng'ombe ashike mimba. Taizoon alikuwepo. Aliuliza tumbo la mjomba linaendeleaje.

Ijumaa, 11 Agosti
Moyo umetulia. Tadeo anasema ng'ombe atarudi kwenye joto baada ya wiki tatu, naye atakuja na mtungi mwingine uliojaa. Safari hii ataufunga kufuli. Farhana ameniletea salamu: nisionekane karibu na zizi. Ana huruma sana binti huyu.

Ila mama yake, Bi Kulsum, alikuwa jikoni jioni ile, hakuona sumaku ikielea. Na nyumba ile neno la mwisho ni lake. Lazima aone. Kikombe kimoja tu kitatosha.

Kufuli ya Tadeo naijua, niliitengeneza mimi. Nimeanza kuchonga ufunguo.