Kanuni ya Mikono

Napenda kuutaarifu umma kwamba katika mwaka ule wa ugonjwa Mwanza haikubaki nyuma. Wakati miji mingine ikihangaika na barakoa na ndoo za maji tiririka, sisi tuliunda Kamati ya Kudumu ya Muda ya Mapokezi ya Wasafiri wa Anga, Binafsi na wa Biashara. Mimi nilikuwa katibu wake. Ninayoyaeleza hapa yamo kwenye kumbukumbu, isipokuwa machache ambayo hayakuwa na ajenda.

Kamati ilisimamia kiwanja kidogo cha Nyamalele, kando ya ziwa, ambako hutua ndege za kukodi. Ilikuwa na wajumbe watatu: Mwenyekiti, yaani Mheshimiwa Yeremia Ngosha; mimi; na mwakilishi wa wasafiri, nafasi iliyoachwa wazi ili kusiwe na upendeleo. Akidi ilikuwa wajumbe watatu. Kwa hiyo hatukuwahi kukaa kikao halali, na Mwenyekiti alitunga kanuni zote peke yake, kwa dharura, akiwa ofisini. Mtu aliyeleta karatasi ya kusainiwa aliambiwa arudi kesho. “Kusaini ni kazi kubwa, ndugu yangu,” Mheshimiwa alikuwa akisema. “Watu mnadhani ni mchezo.”

Kanuni kuu ilikuwa ya tisa. Msafiri anayekuja kwa mkutano aliingia mjini moja kwa moja. Msafiri aliyetumia mikono yake kwa kazi, au anayekuja kuitumia, alikaa kwenye hema la karantini siku kumi na nne, zikihesabiwa tangu mikono ilipofanya kazi mara ya mwisho.

“Mtu wa mkutano anakaa kwenye kiti,” Mheshimiwa alinifafanulia. “Mtu wa mikono anashikashika.”

Sayansi hiyo ilifanya kazi vizuri. Jumatatu ya juma ninalolieleza alitua mwekezaji wa minofu ya sangara, pamoja na mpishi wake na mbwa. Alikohoa juu ya kitabu cha wageni, akaomba radhi, akakohoa tena. Alikuja kwa mkutano. Alipita kwa dakika sita, mbwa naye akaandikwa mshauri.

Nusu saa baadaye ilitua ndege iliyokodiwa na hospitali moja ya misheni kule Misungwi. Alishuka kijana mmoja, Obedi, mzaliwa wa Igogo anayefanya kazi Nairobi, akiwa amekumbatia kiboksi. Alikuwa na cheti cha kipimo na kipimajoto chake mwenyewe.

“Unakuja kwa mkutano?” nilimuuliza.

“Hapana, kaka. Mtambo wao wa oksijeni umekufa. Nakuja kufunga valvu.”

“Kufunga ni kazi.”

“Ni dakika arobaini.”

“Kanuni haiulizi dakika. Unafunga kwa nini?”

Akanionyesha mikono yake, kwa uaminifu ambao sijauona tena kwa msafiri yeyote. Nikamwelekeza kwenye hema.

Kesho yake akaja Sista Teodora, muuguzi mkuu wa hospitali hiyo, na gari la wagonjwa. Hakuketi.

“Katibu, nina wagonjwa kumi na mmoja wanaovuta mitungi ya kuazima. Mitungi inaisha Alhamisi jioni. Fundi wangu unamfanya nini humo?”

“Anatimiza siku zake.”

“Basi andika anakuja kwa mkutano. Mimi na yeye tutakutana mbele ya mtambo.”

“Fomu imeshajazwa, Sista. Amekiri mikono.”

“Bosi wako yuko wapi?”

Nilimjulisha kwamba Mheshimiwa yuko nchi jirani, kwenye kongamano la kubadilishana uzoefu wa mapokezi, na atarejea Alhamisi kwa ndege ya mwekezaji.

Jumatano alifariki mgonjwa mmoja, mzee Maige, mkulima wa pamba. Sista alikuwa ameanza kupunguza hewa ili iwatoshe wote. Alinipigia simu kunieleza. Nilimjibu kwamba suala hilo liko nje ya hadidu za rejea za Kamati, na hilo lilikuwa kweli. Akasema, “Andika hivyo hivyo, Katibu. Usibadilishe neno.” Niliandika.

Alhamisi saa nne asubuhi Sista alikuwa tena kiwanjani, amesimama mbele ya ubao wa matangazo. Nilikuwa nimebandika picha ambayo Mheshimiwa mwenyewe aliituma kutoka kongamanoni kwenye kundi letu la WhatsApp. Chini yake aliandika: “Mwenyekiti akichapa kazi.”

“Hapa anafanya nini?” Sista aliuliza.

“Anakata utepe wa jengo la abiria.”

“Anakata kwa nini?”

“Kwa mkasi.”

“Mkasi ameushika kwa meno?”

Niliisogelea picha. Mimi ni mtu wa ushahidi. Mkono wa kulia ulionekana wazi, pamoja na saa.

Ndege ilipotua, nilimpokea Mheshimiwa nikiwa na fomu. Sista alisimama nyuma yangu.

“Shikamoo, Mheshimiwa,” alisema.

“Marahaba, mama. Katibu, gari liko wapi?”

“Swali la kumi na nne, Mheshimiwa. Katika safari hii, umetumia mikono kwa kazi?”

“Usiniletee utani.”

Nikamwonyesha picha. Alisema ile haikuwa kazi bali heshima. Nikamwonyesha maneno yake chini ya picha. Akaamuru kanuni ya tisa ifutwe hapo hapo. Nikamkumbusha ya nne: mamlaka ya dharura hutumika Mwenyekiti akiwa ofisini, na kwenda ofisini kulihitaji kwanza kupita. Alituma neno kwa rubani amrudishe alikotoka, lakini ndege ilikuwa imeshaondoka na mwekezaji, aliyekuwa amezidiwa na kikohozi.

Mheshimiwa akaingia hemani. Humo kulikuwa na vitanda viwili vya kukunja na ndoo moja. Baada ya robo saa aliniita.

“Itisha kikao. Turekebishe kanuni.”

“Akidi ni watatu, Mheshimiwa.”

Akamtazama Obedi kana kwamba ndiyo kwanza anamwona. “Wewe. Wewe si msafiri? Nakuteua mwakilishi wa wasafiri.”

“Nakubali,” Obedi alisema, “mradi na langu liwe kwenye ajenda.”

“Weka la jumla tu,” Sista alisema kutoka nje ya kamba iliyozungushiwa hema. “Watu wote wa humo watoke. Kifungu kimoja, mmemaliza.”

Nakiri lilikuwa pendekezo jepesi. Mheshimiwa alikunja uso.

“Mimi na fundi kifungu kimoja? Hapana. Valvu peke yake, mkasi peke yake.”

“Lipi litangulie?” niliuliza, kalamu mkononi.

“Katibu, umeshahudhuria shughuli ngapi? Mgeni rasmi huwa wa mwisho. Anza na la fundi.”

Nilikaa upande wangu wa kamba, mita mbili kamili. Ajenda ya kwanza: kufunga valvu kuhesabiwe kuwa mkutano, endapo mhusika atasema “karibuni” kabla ya kushika spana. Ilipita kwa kura tatu.

Hapo ikaanza kutumika kanuni ya kumi na moja: msafiri aliyeruhusiwa haruhusiwi kubaki eneo la karantini hata dakika moja, na akitoka hemani hupoteza nafasi yake ya uwakilishi. Obedi alichukua kiboksi chake. Sista alikuwa ameshawasha gari. Nilipoinua kichwa kutoka kwenye daftari, vumbi lao lilikuwa limefika barabara ya Misungwi. Mtambo uliwaka saa tisa alasiri. Wagonjwa kumi walikuwa bado hai.

“Ajenda ya pili,” Mheshimiwa alisema.

“Akidi haijatimia.”

“Si tulikuwa watatu sasa hivi?”

“Tulikuwa, Mheshimiwa.”

Mwakilishi mpya alipaswa kuwa msafiri mwenzake wa hemani, naye hakupatikana. Zilitua ndege nne katika majuma mawili yale, na abiria wote walikuja kwa mkutano, akiwemo bwana mmoja aliyebeba msumeno. Mheshimiwa alikuwa akiwaita kupitia dirisha la hema. Hawakugeuka.

Siku ya kumi na nne nilimpelekea fomu ya kutoka. Alikuwa amekonda, na ndevu zimeota ovyo. Nilimwonyesha mahali pa kutia saini, na kwa kuwa kazi yangu ni kuwatahadharisha wasafiri wote bila upendeleo, nikamuuliza kama kusaini, kwa maoni yake, ni kazi au ni mkutano.

Aliishika kalamu. Akaitazama. Kisha akairudisha juu ya fomu taratibu.

Chai yake ya kesho nimeshaiagiza.