Marufuku ya Chaguo la Pili

Ijumaa, 10 Oktoba 2025
Kandara, Jeddah. Rispah ametutoka. Ni moyo, daktari amesema. Alikuja kulea watoto wa wenyewe, anarudi ndani ya sanduku. Chama chetu cha Wakenya kitalipa tiketi ya mtu mmoja wa kumsindikiza hadi kwa mama yake, Mwingi. Tutamchagua Ijumaa ijayo. Lazima niwe mimi. Mama yangu yuko kitandani Vihiga, hajaniona miaka minne. Kafili, mwajiri wangu, anasema likizo mafi, yaani hakuna, ila kwa maiti ataniruhusu. Naona haya kuandika hivi. Nimeandika.

Jumapili, 12 Oktoba
Tatizo ni Serah, rafiki wa marehemu, naye anataka kwenda. Tatizo kubwa zaidi ni kura zetu. Unaandika chaguo la kwanza, la pili, la tatu. Wa mwisho akitolewa, kura zake zinahamia kwa chaguo la pili. Mwaka jana, kwenye uchaguzi wa mweka hazina, niliongoza kwa kura mpaka zikahesabiwa za chaguo la pili. Serah akanipita. Mimi si chaguo la pili la mtu yeyote. Mtindo huu nitaupiga marufuku.

Jumanne, 14 Oktoba
Mkutano wa simu. Mimi ndiye katibu, basi nikawasomea kwamba majimbo kadhaa ya Marekani yamekataza kura ya namna hii. Miriam, aliyeko Shumaisi kule Riyadh, akauliza Marekani walimjulia wapi Rispah. Nikasema msiba hautaki hesabu ndefu. Mtu mmoja, jina moja. Wakapitisha, kwa uchovu tu. Kisha nikamsihi Duncan, dereva, naye agombee. Kina dada wanampenda. Atamega kura za Serah, mimi nipite katikati. Akili ni nywele!

Ijumaa, 17 Oktoba
Hotelini Sharafiya. Tumeomba, tumeimba, tumepiga kura. Duncan kumi na tatu. Mimi kumi na moja. Serah tisa. Kumega alimega, mpaka akavimbiwa. Duncan mwenyewe akaninong'oneza, akiuliza marehemu ni yupi kwenye picha ya chama iliyowekwa mezani.

Serah akanifuata ngazini. Akaniambia pole, Katibu. Akasema kabla ya marufuku alikuwa amewaomba wote wa upande wake: yeye akitolewa, wanipe mimi, Hezron, maana mama yangu ni mgonjwa. Wote walikuwa wamekubali. Tisa na kumi na moja ni ishirini.

Alhamisi, 23 Oktoba
Duncan ameondoka na sanduku. Serah alimkabidhi leso za Rispah ampelekee mama mtu, akamweleza mara tatu ipi ni ya kanisani. Madam anayemwajiri Serah alikuwa garini akipiga honi. Serah alilia, nami nikalia. Nilimlilia Rispah, nikamlilia mama yangu, na sijui ni nani niliyemlilia zaidi.

Nimekaa nikatafakari kosa langu. Kosa ni Duncan. Anapendwa mno. Desemba tunachagua mwenyekiti, na Serah atagombea, nami pia. Marufuku ibaki palepale. Safari hii nimemtafuta mtu asiyependwa sana wa kumega kura za Serah: Abel, mpishi, yule mnunaji. Amekubali. Anasema tayari ameahidiwa kura nyingi.