Vita vya Baba Pacha na Nati ya Juu

Sogezeni viti, enyi wenye masikio, na mwenye kutafuna ameze kwanza, kwani habari hii haisikilizwi kwa mdomo uliojaa. Nawasimulia Baba Pacha, simba wa ua wa nyuma, mwenye ovaroli isiyojua doa, ambaye Jumamosi asubuhi alijitosa chini ya pikapu yake kwenda kubadilisha oili ya transfa, lile dude la chuma ligawalo nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma.

Mbona hakumwita shemeji yake, kaka wa mkewe, fundi mashuhuri aishiye ng'ambo ya barabara? Kwa sababu huyo shemeji alikuwa amesema mezani, mbele ya wakwe wote, "Mume wa dada yangu kwenye gari anachoweza ni kuwasha redio." Neno lile lilimchoma Baba Pacha, naye akaapa kwamba gari lake halitaguswa na fundi yule maadamu yeye yu hai.

Basi akatwaa spana, akaishambulia nati ya chini, ikalegea, na oili kuukuu, nyeusi tititi, ikamwagika yote katika beseni.

"Shuhudieni!" akanguruma. "Adui ametoka damu mpaka tone la mwisho, na mimi sikuchubuka hata kidole!"

Ndipo viatu viwili vikasimama kando ya gurudumu. Vilikuwa vya shemeji.

"Hongera, shem. Ya juu umeshaifungua?"

"Ya juu ipi?"

"Ya kujazia. Hiyo ndiyo huanza, ukishaona inafunguka ndiyo unamwaga. Sasa ikigoma, utajazia wapi? Ngoja nilete kamba, nikuvute mpaka gereji."

Akaondoka akipiga mluzi. Baba Pacha, tusimfichie, aliogopa. Aliivamia nati ya juu iliyoliwa na kutu. Akaivuta mara saba, akaibembeleza, akaitukania ukoo, nayo tuli.

Mama Pacha akaja, amechomoa bomba la kuanikia nguo.

"Chomeka hili kwenye mpini wa spana, upate urefu. Na upunguze kelele, majirani wanachungulia."

"Ee mwenzangu, ngao ya nyumba hii, iwapo nitaanguka leo..."

"Vuta, baba!"

Wakavuta wote wawili, bomba likapinda. Nati ikalia kwii, ikasalimu amri. Oili mpya ikapigwa pampu hadi ikafurika kwenye tundu la juu, dalili ya kushiba, na tone moja likamdondokea shujaa kifuani. Nusura alie kwa furaha.

Shemeji akarudi na kamba begani, akakuta injini inanguruma. Akachungulia chini ya gari.

"Haya shem, nimekuvulia kofia. Sasa hii kamba niifanyie nini?"

"Ifunge pale nilipochomoa bomba la nguo," akasema dada yake. "Si limeshapinda?"

Basi na iandikwe, wala isifutwe: kamba iliyoletwa kumburuta Baba Pacha ilishinda mchana kutwa imebeba ovaroli yake, yenye doa la kwanza.