Kamera Haikuuliza Herufi

Jumatatu, 3 Machi
Balaa! Nimeshona suruali ya mwalimu mkuu, mguu mmoja mweusi, mwingine bluu. Nikadai ni mtindo mpya. Hakucheka. Yule mnafiki, fundi wa duka la pili, alicheka hadi akakaa chini. Mke wangu anasema sukari imeingia machoni, ameniandikisha nikapimwe zahanati Alhamisi. Nikikutwa sioni, wateja wote watahamia kwa yule mnafiki. Na cherehani ndiyo riziki yetu. Humu sidanganyi: naogopa.

Jumanne, 4 Machi
Akili ni mali! Nimekwenda zahanati nikijidai nina kikohozi. Ubao wa herufi upo ukutani. Nilipoachwa peke yangu nikausogelea hadi pua ikagusa. Nimenakili yote, hata ule mstari wa chini wenye herufi kama sisimizi. Nimekariri mchana kutwa. Mke akauliza naongea na nani. Nikasema nasali.

Alhamisi, 6 Machi
Fedheha! Ubao hata hawakuutazama. Nesi aliniweka kidevu kwenye mashine. Nikaanza kumwaga herufi zangu. Akaniomba ninyamaze, kidevu kinacheza. Mwanga, pah! Kumbe ni kamera, inapiga picha ndani kabisa ya jicho. Picha zikatumwa kwa mtandao hadi kwa daktari bingwa wa macho, mji mwingine kabisa. Huyo nitamkoholea vipi?

Ijumaa, 7 Machi
Daktari amepiga simu ya video. Mama mmoja mpole. Kasema vijishipa vya jicho la kushoto vinavuja damu kwa sababu ya sukari. Ningekawia, ningepofuka. Akaongeza kwamba tumewahi: litachomwa kwa mwanga wa leza, na nikiidhibiti sukari nitashona hadi nizeeke. Mungu mkubwa! Nimelia kama mtoto. Mke naye kalia, kisha akanigombeza kwa kuficha.

Jumatano, 19 Machi
Leza tayari! Daktari kasema jicho linaendelea vizuri. Kifua chepesi, nimemsalimia hata yule mnafiki. Sharti moja tu: kila asubuhi nipime sukari, nikipige picha kipimo, nimtumie. Leo kimesoma vizuri ajabu. Basi nimekipiga picha thelathini: mezani, dirishani, juu ya cherehani. Mwezi mzima nimeumaliza kabla ya chai! Na chai yenyewe, vijiko vitano. Mke anasema kipimo kinaonyesha tarehe pale pembeni. Tarehe gani? Mimi ninayekishika mkononi siioni, sembuse daktari aliye mji mwingine!