Uhakiki Wangu wa Gamba

Jumatatu, 4 Agosti

Baridi. Ukungu mpaka saa nne. Newala nzima imejifunika makoti na kanga. Mimi sisikii baridi. Nina habari kubwa.

Redio ya Masasi inatafuta mhakiki wa filamu! Kila Jumamosi saa tatu asubuhi, nusu saa nzima. Bi Winfrida, mwenye kipindi, kanipigia mwenyewe. Kasema wamebaki wawili: mimi Nurdin, mwenye banda la video hapa mjini mwaka wa kumi na moja huu, na Mwalimu Selestini wa Mkunya. Jumamosi tutaingia studio pamoja, tutahakiki filamu moja, wasikilizaji watapiga simu, kisha yeye atachagua.

Filamu yenyewe ni Gamba. Hakuna asiyeizungumzia. Mnyama kama kakakuona, mkubwa kuliko ghala la korosho, anatoka ziwani na kukanyaga mji. Wamarekani waliitengeneza zamani, enzi za nyeusi na nyeupe. Sasa wameirudia upya kwa dola milioni mia mbili.

Lakini Mwalimu Selestini! Mstaafu. Miaka thelathini ya kufundisha Kiswahili. Anaandika uhakiki kwenye kundi la WhatsApp na watu wanausoma hadi mwisho. Wa kwangu wanauwekea dole gumba. Wengine hata dole hawaweki.

Lazima nishinde. Banda halijai tena, watu wanatazama filamu kwenye simu zao. Mke wangu Sophia kasema wazi: likiendelea hivi, chumba kinakuwa cha cherehani zake. Anazo mbili, zimebanwa chumbani kwetu, na wateja wake wanaona haya kupimwa magauni kando ya kitanda changu. Nikiwa mtu wa redio, watu watafurika kuona ninachokisifia. Sophia nimemwambia asubiri. Kasema amesubiri tangu Shamila yuko darasa la pili. Shamila sasa yuko kidato cha pili.

Jumanne, 5 Agosti

Mpango umejileta wenyewe!

Asubuhi Mwalimu kapita bandani. Nikamwamkia, "Shikamoo, Mwalimu." Akaitika, "Marahaba, Baba Shamila." Amesikia kesho naenda Masasi kwa Khalidi, muuza filamu. Akaniomba nimchukulie na yeye Gamba mpya, maana magoti hayamruhusu safari mbili za Masasi kwa wiki moja. Akanipa flashi yake, na mfuko wa karanga za njiani.

Flashi yake nyeusi, kama yangu. Wazo likanijia kabla hajafika barabarani. Yake nitamwekea Gamba ya zamani! Mzee ataenda redioni kuhakiki sinema ya babu zake, wasikilizaji watacheka, kazi itakuwa yangu. Nimefunga uzi mwekundu kwenye flashi ya Mwalimu ili nisichanganye.

Karanga nimezimaliza hapahapa. Tamu sana.

Jumatano, 6 Agosti

Masasi. Jua, tofauti na kwetu. Khalidi kaniuliza mara mbili: yenye uzi ndiyo niweke ya zamani? Ndiyo, yenye uzi. Akashangaa nani bado anaitaka. Nikamwambia ni mzee mmoja anayependa mambo ya kale. Si uongo. Mwalimu ana redio ya mbao.

Nimerudi salama. Mtu makini hufanya mambo yake kimyakimya.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimechukua bodaboda hadi Mkunya kumpelekea Mwalimu flashi yake. Nilipotia mkono mfukoni zikatoka zote mbili. Moja ina uzi. Nikasita kidogo. Halafu akili ikafanya kazi: mtu huweka alama kwenye kitu chake, si kwenye kitu cha mwenzake. Yenye uzi ni yangu. Nikampa isiyo na uzi.

Kaipokea kwa mikono miwili. Mkewe, Mama Alfredi, akanikaribisha chai na muhogo wa kuchemsha. Nikala nikimwonea Mwalimu huruma. Si nyingi.

Mchana nimesoma wahakiki wa nje kwenye simu, ile simu inayotafsiri yenyewe. Hawakuipenda Gamba mpya hata kidogo. Mmoja kaandika kwamba mwigizaji mkuu "ana kina cha sahani". Mwingine kasema filamu ni "kelele iliyokosa mama". Wote wanalalamika: rangi zinaumiza macho, na ni ndefu, saa tatu kasoro. Nyota moja na nusu kati ya tano. Nimenakili kila kitu kwenye daftari.

Ijumaa, 8 Agosti

Baada ya swala nimeionyesha Gamba bandani. Wateja watano, na Bi Faidha anayekaanga mihogo mlangoni. Yeye hutazama bure kupitia pazia. Nimeshachoka kumkataza.

Nyeusi na nyeupe! Nilishtuka. Kisha nikaelewa. Dola milioni mia mbili mkononi, na mtu anaamua kuondoa rangi! Huo ndio ujasiri. Rangi kila mtu anaweza.

Gamba alipogeuka, mgongoni ikaonekana zipu. Mteja mmoja akacheka kwa sauti. Nikamnyamazisha. Nikamweleza kwamba kompyuta za siku hizi zinaweza kuchora chochote, hata zipu, ili mtu aone kama ni zipu kweli. Mji ulifanana na maboksi ya sabuni. Kazi ngumu sana hiyo. Na filamu nzima imekwisha kwa saa moja na dakika kumi! Wahakiki wa nje wanasema saa tatu kasoro. Saa tu inawashinda, wataiweza sinema?

Nimefuta daftari lote. Nitaisifu. Nitasimama peke yangu dhidi ya ulimwengu.

Bi Faidha naye kaingiza kichwa kutoa maoni. Kasema hawa watu hawana adabu, kakakuona anatoka mwenyewe kuja kwa watu, wao wanamkimbilia na mizinga. Kwa nini hawakumwekea maji, mahindi na panga mbele yake, kama wazee wetu wanavyofanya, wamwone anachagua nini, wajue mwaka unakuja na mvua, mavuno au vita? Wangemuuliza kwanza! Kila mtu bandani akaitikia. Nikamwomba arudi kwenye karai lake. Sinema ina wenyewe.

Jumamosi, 9 Agosti

Naandika haraka kabla hasira hazijapoa. Au aibu. Sijajua ni kipi.

Studio ni chumba kidogo chenye magodoro ukutani. Bi Winfrida mpole, anaongea kama anabembeleza mtoto. Akanipa nianze. Nikaongea vizuri sana! Nikasifu ujasiri wa kuondoa rangi. Nikasifu zipu. Bi Winfrida akaacha kuandika.

Mpigaji wa kwanza, wa Lupaso, kasema ameitazama jana kwenye simu na Gamba ni wa kijani, kijani cha jani la mkorosho. Nikamshauri apeleke simu kwa fundi. Wa pili, wa Chilangala, akauliza zipu ipi. Hapo jasho likaanza, na studio ina kipozahewa.

Nikamtazama Mwalimu. Mbele yake daftari limejaa, na juu yake flashi nyeusi. Haina uzi. Nikakumbuka Jumanne, mkono wangu, uzi mwekundu, flashi ya nani.

Mwalimu akasogea kwenye maikrofoni. Akasema taratibu:

"Wasikilizaji, msimcheke ndugu yangu. Aliyoiona ni Gamba ya kwanza, ya zamani. Alikwenda Masasi, akapata filamu mbili, mpya akanipa mimi mzee, yeye akabaki na ya zamani. Huo ni uungwana."

Simu zikalia kunisifu mimi! Mama mmoja akaniombea dua hewani. Shingo iliniwaka. Nilijua napaswa kusema. Nilifungua mdomo niseme kweli, naapa nilifungua. Yakatoka maneno ya Bi Faidha. Maji, mahindi, panga, wangemuuliza kwanza. Yote, kama yangu. "Mimi binafsi ndivyo ninavyoona," nikamalizia.

Bi Winfrida akapiga meza. Kasema hajawahi kusikia uhakiki kama huo, na kwamba wahakiki wote wa nje hawakuliona hilo. Kazi ilikuwa mkononi mwangu. Niliishika kabisa!

Kisha mpigaji wa saba. Nikaijua sauti kabla hajajitaja. Nikamwamkia, shikamoo Bi Faidha.

"Marahaba, Baba Shamila. Hayo si niliyasema mimi jana nikigeuza mihogo, ukanifukuza?"

Kicheko kilisikika hadi kwa fundi mitambo nje ya kioo. Bi Winfrida akamwomba asikate simu. Bi Faidha akaongea dakika kumi na mbili. Kasema jambo moja limemkera zaidi: jitu limelalia ziwa la mji siku tatu, na hakuna hata mmoja kwenye filamu anayeuliza watu wanapata wapi maji. Ingekuwa Newala, kasema, ndoo zingepangwa pembeni ya lile jitu asubuhi ya kwanza, na foleni ingekuwa na ugomvi. Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani.

Jumapili, 10 Agosti

Kazi kapewa Bi Faidha. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyempigia Bi Winfrida kumpendekeza. Kasema yeye anahakiki kama anasahihisha mitihani, lakini yule mama anaitazama filamu kama jambo lililomtokea jirani.

Mwalimu alikuja nyumbani kuniambia, na magoti yale. Sophia akampa kiti na maji. Tulipobaki wawili akatoa flashi mfukoni, akaiweka mezani. Kasema hii si yake. Yake ina mkwaruzo pembeni. Nikaenda kuichukua bandani. Ina mkwaruzo pembeni. Na uzi. Akaufungua uzi polepole, akauweka kiganjani mwangu, akanifunga vidole.

"Nilijua tangu Alhamisi usiku," kasema. "Karanga zilikuwa nzuri?"

Nikasema zilikuwa nzuri. Nikamwomba radhi. Yalitoka maneno machache na mabovu, lakini yalitoka. Akanipiga begani akaomba asindikizwe hadi barabarani. Nikapanda naye bodaboda hadi kwao. Sijawahi kuongozana na mtu mwenye aibu ndogo kiasi kile, wala mimi mwenyewe sijawahi kuwa na aibu kubwa kiasi kile.

Niliporudi Sophia alikuwa bandani, na futi yake ya kupimia, anapima ukuta. Kauliza kama Mwalimu alikuwa anajua. Nikamwambia ndiyo. Akaendelea kupima. Baadaye akanipakulia kisamvu, akanipa kijiko kikubwa. Shamila kaniuliza kama kweli nilisifu zipu. Nimekwenda kulala mapema.

Jumatatu, 11 Agosti

Cherehani zimeingia bandani. Zote mbili. Wateja wanne wa magauni kabla ya saa sita, idadi ambayo mimi sijaiona tangu Februari. Televisheni imepewa kona, Jumamosi na Jumapili tu, Sophia akiwa hana kazi. Nimekubali. Anaimba akishona. Sijamsikia akiimba muda mrefu, na nilikaa mlangoni kidogo kumsikiliza.

Jana nilimhakikishia Mwalimu kwamba nimejifunza. Ni kweli. Nimekaa nikalipitia jambo hili lote bila kujionea huruma, nikitafuta hasa ni wapi nilipokosea, na nimepaona.

Kosa langu ni kwamba niliitazama filamu! Ningesoma tu wahakiki wa nje kama nilivyoanza, nisingetaja zipu, nisingetaja rangi, ningekuwa redioni leo. Kutazama ndiko kulikoniharibia.

Kuna redio nyingine, ya Mtwara, nayo inatafuta mhakiki. Filamu yao ya kwanza ni ya nyoka wa angani, dola milioni mia tatu, hiyo nayo marudio. Nimewaandikia asubuhi hii kwamba nimeshaitazama mara mbili na nimeguswa sana na mwisho wake.

Wamejibu sasa hivi. Wanauliza nimeitazamia wapi, maana inatoka Desemba.

Nimewaambia Masasi.