Shati la Ishirini na Nne

Ugomvi ule uliletwa na redio ya Joram, kama ugomvi mwingine mwingi wa kijiwe chetu. Ilikuwa Jumatatu asubuhi, mwezi wa sita mwaka sabini na tano, na sisi wale wale tumekaa kwenye baraza ya ghala la kijiji, kule ukitoka Morotonga unaelekea Ringwani. Mtangazaji akasema kila mwananchi ajipime kila siku jioni: jana alifanya nini, leo amefanya nini, na kesho atazidisha nini. Asiyejipima, akasema, hajui kama anakwenda mbele au anarudi nyuma.

"Mmesikia?" Joram akapunguza sauti. Kuizima hawezi. Betri zikiisha nguvu huzianika juani kama mtama, ndiyo maana tunamwita Joram Redio. "Nchi inakwenda kwa vipimo sasa."

"Mimi nikijipima si nitalia?" nikasema. Mimi nachonga mipini ya majembe pale pale barazani, na wananiita Ndimu kwa sababu ya ulimi wangu. Sibishani na jina hilo.

"Wewe hata usipojipima unajulikana," akasema Nyangi, mwenye birika la chai. "Mipini miwili kwa siku, maneno magunia matatu."

"Na wewe chai yako maji ndoo mbili, majani matatu."

"Usinywe basi."

Nikanywa. Ningefanyaje, na chai nyingine iko mjini Mugumu?

Mzee Mniko akaigonga fimbo chini. Mzee huyu alifuga ng'ombe kabla hatujahamishiwa kijijini, na anafuga mpaka leo, na mambo ya kuhesabu hayapendi hata kuyasikia. "Kitu chako ukikihesabu hesabu kwa kidole, unakitafutia mkosi. Mimi jioni ng'ombe wakiingia zizini sihesabu. Natazama tu."

"Utajuaje amepotea mmoja, mzee wangu?" Joram akauliza.

"Wewe mura, kijana wangu, ukikaa mezani na watoto wako, unahesabu vichwa ndiyo ujue binti yako Esta hayupo?"

Joram akaipandisha tena sauti ya redio.

Fundi Benedicto alikuwa amekaa nyuma ya cherehani, anacheka bila kushona. Cherehani ile ni ya kijiji, yeye kakabidhiwa tu. Sisi tunamwita Kesho. Mpelekee suruali ya kuweka kiraka: njoo kesho. Nenda hiyo kesho: kesho. Yuko mtu hapa kijijini suruali yake ilitoka kwa fundi akiwa amenenepa, haikumpita hata magotini.

Ndipo akaja Katibu Rubeni wa kijiji, na mrundo wa kitambaa cha kaki begani. Tukasimama, tukasalimiana. Yeye hakukaa. Katibu akikaa na watu anaona kama anapoteza cheo.

"Fundi, kikao kimeamua," akasema. "Watoto ishirini na wanne wanakwenda Mugumu kwenye halaiki ya Saba Saba. Kitambaa hiki kimepimwa cha mashati ishirini na manne, la ishirini na tano halitoki. Ijumaa ya wiki ijayo saa nane nakuja kuhesabu. Likipungua moja, cherehani inakwenda kijiji cha jirani. Wao wana fundi asiyelijua neno kesho."

Akatupa kitambaa mezani. Kabla hajaondoka akanyoosha kidole kwenye redio. "Na mfuate hayo mliyoyasikia. Uweke ubao hapa. Kila siku uandike umeshona mangapi, na kama hukutimiza, uandike sababu."

Alipopotea kwenye kona Benedicto hakucheka tena. Aliushika mkono wa cherehani kama mtu anayeaga mgonjwa. "Jembe lilinishinda nikiwa kijana," akasema. "Litanionea huruma sasa, na mgongo huu? Mke wangu Agustina na watoto watakula nini?"

Nami ndimu yangu yote ikaniisha. Tulikuwa tunamtania miaka yote, lakini bila cherehani ile Benedicto angekuwa mtu wa kuomba chumvi kwa majirani, na sote tulilijua hilo.

Siku hiyo hiyo akang'oa mlango mbovu wa ghala, akaupaka mkaa, akaomba chaki kwa mwalimu. Watoto wakaja kupimwa. Futi ilikwisha kukatika zamani, kwa hiyo kila mtoto alipimwa kwa uzi wake, mafundo yakionyesha bega, kifua na mkono. Nyuzi ishirini na nne zikaning'inizwa ukutani, na kila shati lilipoisha, uzi wake ulitunguliwa. Mzee Mniko alikaa akiwatazama watoto mmoja mmoja, na alipopimwa mjukuu wake Ghati, kitoto chembamba cha darasa la tatu, akamwambia fundi amwachie nafasi ya kukua.

Jumanne asubuhi tukakuta ubao umeandikwa. Jumatatu: shati moja. Sababu: Joram.

"Mimi?" Joram akasimama. "Jina langu ubaoni, mbele za watu?"

"Ulinisimulia mpira wa juzi wote," akasema Benedicto, "pamoja na mapumziko."

Jumatano ikasomeka: Jumanne, shati moja. Sababu: Joram. Tulicheka mpaka Nyangi akamwaga chai. Alhamisi nikaja mbio, nimejiandaa kucheka tena, nikakuta: Jumatano, mashati mawili. Sababu: Ndimu.

"Futa," nikasema.

"Ulibishana na Nyangi juu ya sukari tangu saa tatu mpaka adhana ya tumbo, saa saba."

"Ilikuwa haki yangu!"

"Haki yako imekula mikono miwili na kola."

Nilikasirika. Nilikwenda nyumbani nikasema sirudi tena pale, na jioni kwa hasira nikachora mistari yangu kwenye ukuta wa jiko nijipime mimi mwenyewe, nione nani mvivu. Nikagundua kwamba asubuhi, kabla Joram hajafika, namaliza mipini miwili. Akishafika, simalizi hata mmoja. Ubao hauna urafiki, jamani. Kesho yake nilirudi kijiweni nimenywea.

Tukaweka sheria. Anayetaka kukaa, mikono yake ifanye kazi. Joram akapewa matundu ya vifungo, na kumbe mikono ile ya kuzungushia redio inajua sindano kuliko mkewe. Mimi nikawa napiga pasi ya mkaa. Nyangi akakata nyuzi zilizozidi kwa meno. Maneno yakaendelea vile vile, ila sasa yalitoka na mashati. Kufikia Jumamosi ubao ulisoma mashati matatu kwa siku, na pale penye sababu Benedicto akachora mstari, kwa maringo.

"Mmeona faida ya kujipima?" Joram akasema, kana kwamba tangazo lile alilitunga yeye.

"Faida ya kuandikwa jina," akasema Nyangi.

Wiki ya pili ikaanza na matatu, tena matatu. Alhamisi tukakuta ya Jumatano ni moja tu. Sababu: hakuna kitu, wala mstari.

"Fundi, kulikoni?" nikamwuliza.

"Uzi ulinisumbua." Hakuniangalia. Katibu alikuwa amepita Jumanne jioni sisi tumeshaondoka, hilo nililisikia kwa Nyangi, nikadhani alikuja kukagua.

Ijumaa saa nane Katibu akafika na kalamu sikioni. Watoto wamejipanga uani, sisi barazani, na mashati yamekunjwa mezani kama mikate. Akahesabu kwa kidole, akigusa moja moja. Ishirini na manne. Akahesabu tena kutoka chini. Ishirini na manne.

"Hesabu imetimia," akasema. "Nawapongeza. Hii ndiyo maana ya kujipima. Cherehani ibaki." Akafungua daftari aandike.

Benedicto akapumua, lakini si pumzi ya mtu aliyefurahi. Nilimwona. Alikuwa anautazama ukuta.

Mzee Mniko akainuka. "Subiri, Katibu. Mimi sijui kuhesabu. Niwatazame kwanza."

"Mzee, nimeshahesabu mara mbili."

"Ndiyo. Sasa nataka kuwaona." Akaanza kuyafunua mashati taratibu, kama anayewapitisha ng'ombe mlangoni mwa zizi. "Huyu wa Wangwe, ana mabega. Huyu wa Mokami. Huyu wa Heche, mikono mirefu kama babu yake." Kila analolitaja, mtoto anatoka uani kulichukua, na kila mmoja linamkaa. Mzee hakukosea hata moja.

Likabaki moja, na uani akabaki Ghati peke yake. Mzee akalifunua. Lilikuwa na kifua cha watu wawili, kola pana, na mifuko minne yenye vifuniko na vifungo, kama lile vazi wanalovaa wakubwa mkutanoni.

"Huyu ni fahali," akasema Mzee Mniko. "Ametoka zizi gani?"

Ghati akalitazama lile shati, akaniangalia mimi, machozi yakaanza kumlengalenga.

"Hilo ni sampuli," akasema Katibu.

"Sampuli ya nini?" Nyangi akauliza. "Tangu lini mtoto wa darasa la tatu akawa na mifuko minne? Ataweka nini, mihuri?"

Katibu akafunga daftari polepole. Hakumtazama Nyangi wala mzee. Alimtazama Benedicto, kisha cherehani, kisha Benedicto tena. "Fundi," akasema, "hebu waeleze."

Hapo nikataka kusema mimi. Ulimi ulikuwa umeshafika kwenye meno, Joram akanikanyaga mguu. Alifanya vizuri. Ningesema, mimi ningeondoka na mipini yangu, na cherehani ingeondoka na gari la kijiji cha jirani.

Benedicto alisimama. Jasho lilikuwa linamtoka puani. Akalichukua lile shati kwa mzee, akalitandaza mezani, akatungua ukutani uzi mmoja mwembamba uliobaki.

"Kosa ni langu, Katibu," akasema kwa adabu kabisa. "Nimekosea kipimo. Hili lilikuwa la Ghati. Naomba ruhusa yako nirekebishe."

Akachukua mkasi.

Katibu akafungua mdomo. Akitaka kuzuia, itabidi aseme shati ni la nani. Akaufunga. Mkasi ukaingia begani, ukashuka ubavuni, na kila ulipokata, Katibu aliminya macho kidogo, kama anayechomwa sindano.

"Nishikie hapa, Katibu, kitambaa kisiteleze," akasema Benedicto.

Na Katibu Rubeni, mbele ya watoto ishirini na wanne, akakishika kitambaa.

Joram alitoboa matundu. Mimi pasi ilikuwa imeshapata moto. Saa kumi na nusu Ghati alilivaa, na limeachwa nafasi ya kukua. Benedicto akamkabidhi Katibu chaki. "Ya Jumatano haina sababu," akasema. "Tafadhali uijaze, ubao usiwe na pengo." Katibu akaandika: kosa la kipimo. Mwandiko wake ni mzuri sana. Kisha akaandika kwenye daftari kwamba cherehani ibaki, akaondoka bila kuaga.

Watoto wakaenda Mugumu, wakafanya halaiki yao, wakarudi wanaimba.

Jumanne Katibu akaja kijiweni. Tangu tuhamie kijijini hajawahi kukaa na sisi, siku hiyo akakaa. Akaagiza chai. Nyangi akaepua birika motoni, amelishikia kitambaa cha kaki kilichokunjwa vizuri, chenye kifuniko na kifungo. Akammiminia hadi ukingoni. Vingine vitatu kama hicho vilikuwa vinakauka kwenye kamba, nyuma ya kichwa chake.

Katibu akavitazama. Akavihesabu, midomo ikicheza. Halafu akainywa chai yake ikiwa ya moto vile vile, yote, na akasema ni nzuri.