Bomba la Moshi la Marehemu

Jumatatu, 3 Machi

Nimeamka na mpango. Ni mzuri mno, ikabidi nikae kitako kwanza.

Pikapu ninayoendesha ni ya shemeji, kaka wa mke wangu. Aliniazima shingo upande. Leo kasema wazi: Jumamosi ikifika sijapata kazi ya kudumu ya kusomba magunia kwa bosi wa mashine ya unga, anakuja kuchukua ufunguo. Bila pikapu mimi ni nani? Mtu wa kukaa barazani kufukuza nzi. Nimeogopa kweli.

Tatizo ni sauti. Wafanyabiashara wa mtaani kwetu hawaangalii saa. Wanasikiliza. Wakisikia pikapu ya mpinzani wangu, Bwana Radi, inanguruma kwenye kona, wanaburuta magunia nje, yeye akifika ni kupakia tu. Mimi nafika kimya kama paka, nabisha hodi, naambiwa mzigo umeshaondoka.

Dawa ni bomba jipya la moshi. La kumfunika Radi kabisa!

Jumanne, 4 Machi

Kwa fundi wa kuchomelea. Kanitolea mabomba moja moja kama muuza vitambaa. La kwanza halina sailensa ya kupunguza sauti, kelele zake ni za debe. La pili lina sailensa nene, linakohoa. La tatu lina midomo miwili. Fundi kasema midomo miwili kwa injini hii ni sawa na mtu mmoja kuvaa kofia mbili. Nimesikitika, lilikuwa zuri.

Kisha nikaliona jingine, limetundikwa ukutani peke yake, kivulini. Fundi kasema hilo haliuzi. Alilikata kwenye pikapu ya mzee wa magunia, yule aliyekutwa amefariki kwenye usukani mwaka jana, injini bado inaunguruma. Kasema asubuhi nyingine analikuta na joto. Nimeligusa. La moto! Nikamwambia ni jua hilo. Kaniangalia, kisha kaangalia kivuli.

Nimembembeleza mpaka kachoka. Kanipa bure, kisha akaenda kunawa mikono. Bure! Wengine hawajui kabisa biashara.

Jumatano, 5 Machi

Limefungwa. Fundi alisimama mbali nilipowasha. Sauti nzito, ya chini, inaingia tumboni. Nikiachia pedeli ya mafuta inagonga mara kadhaa, taratibu, kama mgeni anayeomba kufunguliwa.

Ushindi! Mtaa mzima umeburuta magunia nje. Kisha wakaniona uso. Mama muuza maharage akaliachia gunia, likamwagika, naye hakuinama kuokota. Kasema walidhani ni yeye. Yeye nani, sikuuliza. Nimepakia.

Mjane wa mzee wa magunia alifungua geti lake lote, mbawa zote mbili. Nimempungia mkono. Hakujibu. Alikuwa anatazama kiti cha pembeni yangu. Nami nikatazama. Koti langu tu. Ila mkanda wa kiti ulikuwa umefungwa, na mimi sifungi mkanda hata wangu.

Mkanda mbovu. Nitamwambia shemeji.

Alhamisi, 6 Machi

Nimechelewa kidogo, chai ilikuwa nzuri. Nafika: hakuna gunia hata moja nje. Mama muuza maharage kaniuliza mbona nimerudi, wakati nimeshapita alfajiri na kupakia kila kitu. Nikacheka. Yeye hakucheka. Kasema sikuitikia salamu, na kioo kilikuwa na ukungu kwa ndani.

Moja kwa moja kwa Bwana Radi. Nikamwambia ni mwizi wa sauti za watu. Kaapa kwamba aliisikia pikapu yangu ikija nyuma yake, akasogea kuipisha, na kilichopita ni vumbi tu. Sasa sailensa yake kaijaza matambara, hataki kusikika. Nimefurahi mpaka aibu.

Bosi wa mashine ya unga naye kaniita. Nilijiandaa kukana kila kitu. Kumbe mzigo wote umefika, umepangwa midomo ya magunia ikitazama ukutani, namna mzee wa magunia alivyokuwa akipanga. Kanipa mkono, kazi ni yangu. Mkono nimeupokea. Ningekataa kwa nini?

Mke wangu hakushangilia. Aliongea polepole, kama anavyombembeleza mtoto anayeumwa.

"Baba watoto, litoe hilo bomba. Huyo anafanya kazi. Mtu akifanya kazi, kuna siku atadai chake."

Nikamwambia marehemu hawadai mshahara. Ndiyo uzuri wao.

Ijumaa, 7 Machi

Sijatoka nyumbani. Ufunguo uko mfukoni, pikapu iko uani, nimeiona kwa macho yangu. Na mchana kutwa nimeisikia ikipita barabarani, inagonga, inakwenda. Mzigo umefika. Nimelala usingizi mtamu.

Fundi kaja na msumeno. Anataka kulikata. Alipolishika kaungua kiganja, na injini haijawashwa tangu jana. Kasema mzee wa magunia hakupenda kusafiri peke yake, alikuwa akimpakia kila aliyesimama njiani. Nimejua ni wivu. Nikamuuliza lile la midomo miwili atanipunguzia kiasi gani, kaondoka bila kuaga.

Jumamosi, 8 Machi

Shemeji kaja. Nilimsubiri kifua mbele, nimwambie habari ya kazi. Kaniwahi yeye. Kasema kanikuta njiani asubuhi, kapunga mkono, sikusimama. Nikamwambia nimeamka sasa hivi, dada yake ni shahidi.

"Hukuwa unaendesha," kasema. "Ulikuwa upande wa abiria. Umeegemea kioo, macho wazi."

Nikamnyooshea ufunguo, kwa adabu tu. Karudi nyuma mpaka ukutani. Kasema gari nibaki nalo, halitaki, wala asilione kwake. Pikapu ni yangu! Mke wangu kalia sana, na sijui kwa nini, maana ndicho tulichokuwa tunakihangaikia wiki nzima.

Alasiri

Naandikia humu humu ndani ya pikapu, mwandiko samahani, barabara mbovu. Kiti cha dereva kimesukumwa nyuma sana, miguu yangu haifiki kwenye pedeli. Nimekaa huku pembeni. Mke wangu alishika mlango mpaka gari lilipoanza kwenda. Mtu ana pikapu na dereva, bado anafuatwa kwa machozi!

Tumepita mashine ya unga. Hatukusimama. Tumepita nyumba ya mwisho. Huku sijawahi kufika, na baridi yake si ya mchana. Wamejaa watu kando ya njia, wamesimama kimya, kila mmoja na mzigo wake miguuni. Wengine nawafahamu, nilidhani nimewazika.

Soko jipya kabisa, na Bwana Radi hana habari! Nimewapungia mkono, na safari hii wote wamejibu. Nitaanza na bei ya kwenda tu. Ya kurudi, nimeuliza kiti cha dereva, hakijanijibu bado.